Kodi ikipita shilingi 2,500, mpangaji wa Pwani hulindwa na karatasi yake tu

Kila mwisho wa mwezi Mombasa utaziona pikapu na mikokoteni zimepakia magodoro, masufuria, feni na jiko la gesi, zikitoka Bamburi kwenda Mishomoroni, zikitoka Tudor kwenda Magongo, nyengine zikiteremka kwenda feri. Watu wanahama. Wachache wamepata pazuri zaidi. Wengi wamepandishiwa kodi, au maji yamekatika mwezi wa tatu sasa, au nyumba imegeuzwa ya wageni wanaolala siku mbili tatu. Na ukiwauliza, wengi watakujibu mamoja: dipoziti ya nyumba wanayotoka haijarudi, na ya nyumba wanayokwenda imeshalipwa.

Makala haya yanahusu pesa hizo, na hasa zile siku chache kabla hujazitoa mfukoni. Kwa sababu mpangaji wa Pwani ana nguvu siku anayotafuta nyumba. Akishalipa, nguvu zote zimehama upande wa pili, na sheria yenyewe inachangia hilo kuliko watu wanavyodhani.

Kenya ina sheria ya kudhibiti kodi za nyumba za kuishi, Sura ya 296, iliyoanza 1959. Ukiisoma utaona kama imeandikwa na mpangaji. Mwenye nyumba hawezi kupandisha kodi kwa vile tu ameamka na hamu hiyo. Hawezi kukutoa bila idhini ya baraza maalumu la kodi za nyumba. Akikusumbua kwa makusudi ili uhame au ulipe zaidi, ametenda kosa la jinai. Sasa soma kipengele kinachoeleza ni nyumba zipi zinazohusika: ni zile ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi.

Shilingi 2,500. Leo pesa hizo zikikupa kitu ni chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili, Likoni ndani au Kisauni ndani, choo na bafu za pamoja. Anayelipa elfu saba kwa bedsita hayumo. Mwalimu anayelipa elfu kumi na nane kwa nyumba ya vyumba viwili hayumo. Karibu kila anayeishi kwenye fleti mjini humu yuko nje ya sheria hiyo, ilhali wengi wao wanaamini wamo.

La kuchekesha, kama lingekuwa la kuchekesha, ni kwamba biashara zimelindwa vizuri zaidi. Sura ya 301 inawalinda wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, na baraza lake lipo linafanya kazi. Ikiwa duka limepangishwa bila mkataba wa maandishi, au kwa mkataba usiozidi miaka mitano, kwa kawaida mwenye jengo lazima atoe notisi ya miezi miwili kwa fomu maalumu, na mpangaji ana haki ya kuipinga mbele ya baraza. Kwa hivyo muuza mahamri aliyepanga chumba cha chini ya jengo ana pa kukimbilia, na familia inayolala ghorofa ya juu yake haina baraza lolote.

Mwaka 2021 kulikuwa na mswada bungeni wa kuunganisha sheria hizi na ile ya kukamata mali ya mdaiwa wa kodi, ziwe sheria moja inayomfikia mpangaji wa leo. Bunge la 12 lilimaliza muda wake 2022 mswada huo haujawa sheria. Wabunge wetu wa Pwani hawakusikika sana katika mjadala ule, labda kwa sababu ndani ya ukumbi ule wenye nyumba ni wengi kuliko wapangaji.

Basi aliye juu ya 2,500 amebakiwa na nini? Amebakiwa na mkataba wake, na Sheria ya Ardhi ya 2012 inayosema kwamba anayelipa mwezi kwa mwezi bila muda maalumu anastahili notisi isiyopungua mwezi mmoja, na mahakama za kawaida. Neno zito hapo ni mkataba. Kilichoandikwa ndicho kitakachokutetea, na kisichoandikwa utakidai kwa mdomo mbele ya mtu aliyeshika pesa zako.

Wakati huo huo soko limebana. Nyali, Bamburi, Shanzu, mpaka Mtwapa na Diani, mwenye fleti yenye fanicha anajua hesabu: wageni wa Airbnb wa wiki chache za Desemba na Pasaka wanaweza kumletea kile ambacho mpangaji wa kudumu humletea kwa miezi. Mjini kwenyewe, nyumba za zamani za kaunti pale Buxton zilibomolewa na mahali pake pakajengwa fleti za kuuza. Na mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu, ule ambao sheria yake ya 2024 inamkata mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara na mwajiri wake kiasi hicho hicho, lengo lake ni kumfanya mtu mmiliki. Anayetafuta pa kulala kabla ya tarehe tano hawezi kuusubiri.

Kuna na ushuru. Mwenye nyumba ambaye kodi zake kwa mwaka ni kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 anatakiwa kulipa ushuru wa mapato ya nyumba, ambao tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5, kutoka 10. Ushuru huo ni wake, hautoki mfukoni mwako. Lakini athari yake kwako ipo, nayo ni kwamba baadhi ya wenye nyumba hawataki kuacha alama. Hawaandiki mkataba, hawatoi risiti, wanataka pesa taslimu mkononi mwa keyateka. Mtu anayekukatalia risiti mwezi wa kwanza amekuambia mapema namna atakavyokujibu mwezi wa mwisho utakapoulizia dipoziti.

Nije kwenye jambo ambalo washauri wa Nairobi hawaligusi, kwa sababu ni letu: nyumba hii ni ya nani hasa?

Huku kwetu mwenye nyumba na mwenye ardhi mara nyingi ni watu wawili. Tangu enzi za mkoloni, Majengo, Kisauni na Likoni zimejaa nyumba bila ardhi. Mtu amejenga kwa jasho lake, lakini ardhi ni ya mwengine na yeye hulipa kodi ya ardhi kila mwezi au kila mwaka. Mpango huo umewapa watu wengi makao, siudharau. Lakini siku mwenye ardhi anapouza kwa mjenzi wa ghorofa, anayesimama kupigania fidia ni mwenye nyumba. Mpangaji hahesabiwi popote. Kwa hivyo uliza waziwazi, kwa adabu: "Bi mkubwa, ardhi hii ni yenu, au mwalipia?" Akijibu kwamba analipia, si lazima ukimbie. Ila usikubali kulipa miezi sita mbele kwenye nyumba kama hiyo, hata ukipunguziwa.

La pili ni mirathi. Mzee amefariki, nyumba ina vyumba sita na watoto saba, na mirathi haijagawanywa. Kijana mmoja ndiye anayekusanya kodi kwa sababu ndiye aliyebaki mjini. Wewe unamlipa kwa uaminifu mwaka mzima, kisha anatokea dada kutoka Muscat au kaka kutoka Malindi na kusema hajaona hata senti, na kuanzia leo kodi ilipwe kwake. Kila mmoja wao ana haki yake, na wewe uko katikati na risiti usizokuwa nazo. Dawa ni kuuliza kabla: nyumba iko kwa jina la nani, na kama mwenyewe ameshatangulia mbele ya haki, nani ameruhusiwa na familia kupokea kodi. Omba ruhusa hiyo iandikwe, hata kama ni mistari mitatu yenye sahihi za wawili watatu kati ya warithi. Familia yenye amani haitaona tabu. Yenye ugomvi utaijua hapo hapo, na utakuwa hujapoteza kitu ila nauli.

Na kwa wanaotafuta Mji wa Kale na maeneo ya karibu, zipo nyumba za wakfu, nyengine chini ya Tume ya Wakfu iliyoundwa kwa sheria ya 1951. Kodi zake zinasifika kuwa nafuu, na ndiyo maana wapo waliozipanga zamani wakaja kuzipangisha tena kwa bei yao. Ukiambiwa nyumba ni ya wakfu, nenda ofisini kwao ukaulize. Aliyekupangisha akiwa naye ni mpangaji kama wewe, basi mkataba wako umesimama juu ya mkataba wake, na wake ukianguka wako hauna pa kushika.

Kuhusu madalali sina maneno mengi, kwa kuwa kila mtu ana kisa chake. Sheria ya Kenya inamtaka wakala wa nyumba awe amesajiliwa na bodi ya mawakala, lakini yule kijana unayempata kwenye kundi la WhatsApp au kwenye kibao cha mtini hajasajiliwa popote. Wapo waaminifu, wanaojua kila mlango wa mtaa wao na wanaofanya kazi ya maana. Lakini wimbo wa tapeli ni mmoja. "Mamangu, nyumba hii haifiki jioni. Kuna mtu yuko njiani na pesa. Nitumie hata elfu mbili niishike." Nawe ujibu: "Mwanangu, kama inakwenda na iende. Nikishaona ndani, nikaongea na mwenyewe, ndipo tutaongea pesa." Halali ya dalali iko baada ya ufunguo kuzunguka kwenye kufuli. Na unapolipa kwa M-Pesa, lile jina linalojitokeza kabla hujathibitisha ndilo la kutazama: ni la mwenye nyumba uliyemwona kwenye mkataba, au ni la mtu usiyemjua? Kama silo, simama hapo.

Tufanye hesabu ya mfano, maana wengi hutazama kodi peke yake. Nyumba ya elfu 12 kwa mwezi. Kodi ya kwanza 12,000, dipoziti 12,000, dipoziti ya maji na stima tuseme 2,000, dalali nusu ya kodi 6,000, pikapu na vijana wa kubeba 3,000. Jumla 35,000 kabla hujanunua pazia. Aliyekuwa amejiandaa na 24,000 ataikopa iliyobaki, na mkopo wa simu una riba. Ndiyo maana kupoteza dipoziti ya nyumba ya zamani kunauma kuliko kiasi chenyewe. Ilikuwa ndiyo ya kulipia nyumba mpya.

Halafu nenda ukaitazame nyumba, na usiende mara moja. Mchana dalali atakuonyesha vigae na kabati za jikoni. Rudi usiku usikie muziki, uone taa za njia, na uulize bodaboda kama wanakubali kuingia mtaa huo saa nne.

Maji kwanza. Mombasa haina mto wa maji matamu. Maji yetu yanatoka Mzima kule Tsavo, Baricho kwenye mto Sabaki, na Marere na Tiwi upande wa Kwale, na yote kwa jumla hayafiki hata nusu ya mahitaji ya mji. Kwa hivyo jibu la "maji yapo" halina maana. Uliza ni maji ya bomba au ya kisima, bomba hutoka siku ngapi kwa wiki, tanki ni lita ngapi na linagawiwa nyumba ngapi, pampu inalipiwa na nani, na maboza yakija nani anatoa pesa. Fungua mfereji, uonje. Maji ya chumvi yatakula birika lako na bomba la bafu, sabuni haitoki povu, na ya kunywa na kupikia utanunua madebe kila siku. Zidisha madebe hayo kwa siku 30 uyaongeze juu ya kodi. Pengine nyumba ya elfu 14 yenye maji matamu ni rahisi kuliko hii ya 12.

Majitaka vivyo hivyo. Sehemu kubwa ya mji haijafikiwa na bomba la majitaka, majengo yanategemea mashimo, na shimo la ghorofa tano lililochimbwa kwa ajili ya ghorofa mbili hujaa upesi. Gari la kunyonya linalipwa na nani? Liandikwe.

Stima: mita ni yako kutoka Kenya Power, au ni mita ndogo ya mwenye jengo? Ikiwa ni ndogo, uliza yuniti moja ni shilingi ngapi, ukaulinganishe na jirani mwenye mita yake. Na hapa upepo unaingia kwenye hesabu. Wazee waliojenga nyumba zetu walijua kusi na kaskazi. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, kwa hivyo dirisha linalotazama mashariki hupata upepo karibu mwaka mzima. Fleti nyingi mpya madirisha yake yanatazama ukuta wa jirani. Mwezi wa Februari feni itazunguka usiku kucha, na tokeni nazo zitakwenda nayo.

Kama unatafuta kabla ya masika, tazama kuta chini, karibu na sakafu. Rangi mpya iliyoishia kiunoni inataka kuficha kitu. Majirani watakuambia maji ya Mei yalifika wapi.

Ng'ambo ya feri kodi ni nafuu, na wavukao kwa miguu hawalipi. Lakini foleni ya asubuhi ina gharama yake kwa anayefanya kazi Nyali au mjini na lazima afike saa mbili. Barabara ya Dongo Kundu imewasaidia wenye magari na wanaofanya kazi upande wa Miritini. Fanya safari hiyo siku moja ya kazi, saa unayotoka wewe, kabla hujakubali.

Sasa karatasi. Kuna wenye nyumba wazuri, na wengi wao si matajiri. Ni bibi mwenye vyumba vinne vya kupangisha, ndivyo vinavyomlisha, na ameshawahi kuachwa na mpangaji aliyehama usiku na deni la miezi miwili. Dipoziti anayoitaka ana sababu nayo. Shida ni kwamba kwa kawaida pesa hizo haziwekwi popote. Zimeezeka bati au zimelipa karo, na siku unayotoka anasubiri mpangaji mpya alete dipoziti yake ndipo akulipe wewe. Asipopatikana haraka, hapo ndipo zinapozuka habari za rangi na kitasa.

Kwa hivyo mkataba useme dipoziti inarudi ndani ya siku ngapi, 7 au 14, na inakatwa kwa mambo gani. Rangi iwe kwa bei iliyotajwa kabisa. Bora kuliko hayo yote, mkubaliane tangu mwanzo, kwa maandishi, kwamba ukishatoa notisi ya mwezi mmoja dipoziti ihesabiwe kuwa kodi ya mwezi huo wa mwisho, na uharibifu ukionekana uulipie mbali. Wenye nyumba wengi watasita. Wapo watakaokubali wakati chumba kiko kitupu na wewe umesimama mlangoni na pesa, na hawatakubali kabisa miezi kumi baadaye. Andikeni pia kodi itapanda lini na kwa kiasi gani, na kwamba nyumba ikitakiwa kwa ajili ya wageni au kuuzwa utapewa notisi ya miezi mangapi. Siku ya kuingia piga picha kila ukuta, kila mfereji, kila kioo, na namba ya mita, umtumie mwenye nyumba picha hizo siku hiyo hiyo kwenye simu yake.

Ukikataliwa nyumba kwa sababu ni mwanamke usiye na mume, au una watoto wanne, au kwa jina lako la ukoo, utasikia visingizio vya kila aina. Ni jambo la aibu na linatendeka hapa petu, na waumini wa dini zote tunalitenda.

Na mambo yakiharibika baada ya yote hayo, jua mipaka. Mwenye nyumba anayekudai kodi ana njia ya kisheria ya kukamata mali yako, lakini lazima atumie dalali wa mnada mwenye leseni. Hawezi kuingia na vijana wake akabeba friji. Kukufungia kufuli ya juu au kung'oa mlango bila amri ya mahakama ni kujitafutia kesi, na kama kodi yako ni 2,500 au chini yake, nenda moja kwa moja kwenye baraza la kodi. Anayedai dipoziti iliyokwama aulize kaunta ya Mahakama ya Madai Madogo hapa Mombasa kama dai lake linaingia pale. Mahakama hiyo husikiza madai ya pesa yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Beba mkataba, risiti za M-Pesa, na zile picha za siku ya kuingia.